Kompyuta ikisema DLL haipo, usilitafute faili, mtafute mwenye faili

Picha inakuja WhatsApp usiku, imepigwa kwa simu, skrini ina mistari mistari na kivuli cha mkono wa mpiga picha, chini kaandika "kaka kompyuta imekufa". Nikiivuta nisome naona kiboksi kidogo katikati, kina X nyekundu na maneno ya kizungu, "The code execution cannot proceed because MSVCP140.dll was not found", halafu unafuata ujumbe wa sauti, mtoto anasikika nyuma ya mama yake, "mwambie gemu halifunguki". Basi haijafa. Kompyuta iliyokufa haina nguvu ya kukuandikia sentensi nzima.

Mie natengeneza kompyuta za watu majumbani hapa mjini Unguja, Mlandege, Kikwajuni, mpaka Fuoni huko ukinitilia nauli ya daladala, na hichi kiboksi ndo kinachonitoa nyumbani kuliko vyengine vyote. Na mara nyingi nikifika kazi yenyewe ni robo saa, iliyobaki nakunywa chai ya watu. Kwa hivo ntaeleza hapa ninavofanya, ujaribu mwenyewe kabla hujaita fundi.

Kwanza ujue hiyo DLL ni kitu gani maana ukishaielewa nusu ya kazi imekwisha. Chukulia uwa mmoja pale Jang'ombe, wapangaji watano, mbuzi ya kukunia nazi moja. Hakuna haja kila mtu anunue yake, mwenye kupika wali wa nazi anaichukua anakuna anairejesha pahala pake. Ndo DLL hiyo. Ni faili lenye kazi ndani yake ambazo programu nyingi zinazihitaji, kuchora madirisha, kupiga sauti, kuhesabu, kufungua picha, badala ya kila programu kuja na yake linawekwa moja wanatumia wote, nafasi inaokoka, na likitengenezwa likawa zuri zaidi wamefaidika wote kwa pamoja. Ubaya wake sasa ni ule ule wa mbuzi. Mpangaji mmoja akihama akaondoka nayo kwa kudhani yake, kesho nyumba nne hazina tui. Mtu akiirejesha imevunjika meno, kila anaekuja baada yake anahangaika na hajui kosa la nani. Ndo maana unaweza ukaondosha programu moja uliokuwa huitaki, na programu nyengine isiyohusika kabisa ikagoma siku ya pili.

Sasa wengi wakiliona lile jina la faili wanafanyaje? Wanalinakili vile vile wanalitia Google, na majibu ya juu juu yanakuja masaiti yaliyojaa mafaili ya DLL moja moja, kila moja na kitufe kikubwa cha kijani cha kudaunlodi. Mie nlipoanza kazi hii nlifanya hivo hivo kwenye kompyuta ya dada mmoja, nikalidaunlodi faili nikalibandika kwenye folda la System32, pahala Windows inapoweka mafaili yake, nikajiona fundi wa mafundi. Programu haikufunguka, ikaja na kosa jipya, 0xc000007b, na juu yake ukurasa wa mwanzo wa intaneti ukabadilika wenyewe ukawa wa matangazo ya kamari, na yule dada kompyuta yake ndo anayofundishia watoto wa madrasa. Nliona haya mpaka leo. Nkapiga Windows upya, yaani nkaiinstoli tena yote, bila ya kuchukua hata senti.

Sababu ya kuwa njia ile mbovu ni kwamba faili likija peke yake hujui toleo lake, hujui limetengenezwa kwa programu za biti 32 au 64 (ni aina mbili za programu, DLL ya moja haiifai nyengine), na kubwa zaidi hujui nani kalitia nini ndani. DLL si picha wala si waraka, ni programu kamili, ukiipa nafasi inafanya chochote ambacho programu iliyoiita inaweza kufanya. Halafu faili hizi zina ndugu zake. Ukilileta MSVCP140 peke yake utaambiwa na VCRUNTIME140 halipo, ukilileta hilo kuna jengine, utakesha. Kila mbuzi ina mwenyewe, mwende mwenyewe akupe seti nzima.

Lakini kabla ya kwenda kokote soma kile kiboksi. Watu wanabonyeza OK haraka haraka kama wanaua nzi. Usibonyeze, chukua kalamu, andika jina la faili na jina la programu iliyokuwa inafunguliwa, jina la programu liko juu kabisa kwenye kichwa cha kiboksi. Halafu jiulize kinakuja wakati gani, ukifungua programu moja tu, au programu nyingi, au kompyuta ikiwaka tu kabla hujagusa kitu. Hayo maswali matatu ndo yananiambia mie niende njia gani, hata faili lenyewe silijali sana. Ikiwa ni programu moja basi tatizo ni la programu hiyo au seti yake. Zikiwa nyingi kwa pamoja, hasa na vitu vya Windows yenyewe kama kikokotoo na Settings, basi Windows imeumia au diski inakufa. Ikiwa ni kila ukiwasha na programu zote zinafanya kazi vizuri, hilo ni mabaki ya kitu kilichoondoshwa, ntalieleza huko mbele maana lina stori yake.

Na maneno nayo yanatofautiana. "Missing" au "was not found" maana yake halipo au halionekani. "Is either not designed to run on Windows or it contains an error" maana yake lipo lakini limeharibika au si la aina yake, na juu ya kiboksi huwa kimeandikwa "Bad Image". "Entry point not found" maana yake faili lipo zima lakini ni toleo jengine, programu inatafuta kazi fulani ndani yake haimo, kama umeazimwa mbuzi ukakuta ni ubao mtupu.

Vitu vya kuanza navyo ni vyepesi mpaka mtu anaona aibu kuvitaja. Restati kompyuta, restati ya kweli kwa kubonyeza Restart, maana kwenye Windows 10 na 11 ukibonyeza Shut down mara nyingi haizimi yote, inaweka sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka, na tatizo linalala nalo pamoja linaamka nalo pamoja. Fungua kapu la taka (Recycle Bin), watoto wanafuta mafaili wakiambiwa wapunguze nafasi, ukiliona lile jina bonyeza Restore. Kisha jikumbushe jana kulifanyika nini, nani kaondosha programu, nani kaleta flashi.

Flashi! Flashi na programu za kraki ndo zinanipa kula mie. Mtu anakopi programu ya kuediti video kwa rafiki, imo na kifaili cha kuivunja kufuli, na kile kifaili mara nyingi ni DLL iliyobadilishwa. Antivairasi inaliona inalitia jela, programu ikifunguka haikuti, inalia haipo. Kutizama fungua Windows Security, ingia "Virus & threat protection" halafu "Protection history", utaona orodha ya waliokamatwa na tarehe. Ikiwa faili lililokamatwa ni la programu uliyoipata kwa mwenyewe hasa, ya halali, unaweza kulirejesha. Ikiwa ni la kraki, mie siliregeshi na nakwambia usiniombe. Antivairasi saa nyengine inakosea, lakini kwenye kraki haikosei mara nyingi kiasi cha kuhatarisha picha zako za harusi. Ipo programu ya bure inayofanya kazi ile ile karibu kila mara, LibreOffice kwa barua na mahesabu, GIMP kwa picha, Shotcut kwa video.

Haya tuje kwa wenyewe wa mafaili, hapa ndo penye kazi. Majina yanayoanza na MSVCP, MSVCR na VCRUNTIME yote ni ya mtu mmoja, Microsoft Visual C++, ni seti inayohitajiwa na programu zilizoandikwa kwa chombo hicho, na ile namba mwishoni inakwambia seti ya mwaka gani. MSVCR90 ni seti ya 2008, MSVCR100 ya 2010, MSVCR110 ya 2012, MSVCR120 ya 2013, na 140 ni ya 2015 kuja mbele, hizo za baada ya 2015 zimeunganishwa ni seti moja. Andika kwenye karatasi uitunze, maana hapa watu wanapotea, mtu anaambiwa MSVCR100 halipo anainstoli seti mpya kabisa anadhani mpya inabeba ya zamani. Haibebi. Kila mwaka una yake na zinakaa pamoja bila ugomvi, kwa hivo ukifungua orodha ya programu ukakuta Visual C++ sita saba usione ni uchafu ukaanza kuzifuta, nshawahi kumkuta kijana kazifuta zote "kupunguza uzito" na nusu ya kompyuta imelala.

Ukitaka seti nenda saiti ya Microsoft wenyewe, tizama anwani iishie microsoft.com na si kitu kinachofanana nacho, tafuta "latest supported Visual C++ redistributable". Utakuta mafaili mawili ya muhimu, moja limeandikwa x86 na jengine x64. Chukua yote mawili. Narejea tena, yote mawili, hata kama kompyuta yako ni ya biti 64, kwa sababu programu nyingi tunazotumia majumbani bado ni za biti 32 na hizo zinataka seti ya x86, hazina shida na biti za kompyuta, zina shida na zao wenyewe. Yote mawili pamoja si makubwa, si ya kuua bando. Yakishaingia restati. Ukiambiwa ipo tayari bonyeza Repair, nayo inafanya kazi vizuri.

Kwenye magemu majina yanabadilika, d3dx9_43, xinput1_3, X3DAudio1_7, hao ni watoto wa DirectX ya zamani, seti ya Microsoft ambayo magemu yanaitumia kuchora na kupiga sauti. Mtu anasema "mbona mie nnayo DirectX 12", sawa unayo, lakini ile mpya haikuja na vipande hivo vya zamani, unavitia kwa mkono. Seti yake inaitwa DirectX End-User Runtimes, toleo la Juni 2010, ni karibu MB 95 na iko kwa Microsoft hao hao. Na hapa pana mtego uliomkamata kila mtu nnaemjua: ukiifungua ile inakuuliza uiweke folda gani, unachagua, inamaliza, unadhani imeshaingia. Haijaingia kitu! Imefungua furushi tu. Tengeneza folda tupu desktopu uipe hilo, kisha ingia ndani yake, mafaili ni mengi kama dagaa, utafute DXSETUP uifungue hiyo, ndo inainstoli.

Bado kuna nyumba zenye Windows 7, hasa zile desktopu za mitumba, na huko utaona jina refu kama treni, api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll. Hilo linataka apdeti ya Microsoft namba KB2999226, na apdeti yenyewe haiingii mpaka iwe Windows 7 yenye Service Pack 1. Lakini na wewe, Windows 7 Microsoft waliiacha tangu 14 Januari 2020, na hata Windows 10 matunzo ya kawaida yaliisha 14 Oktoba 2025. Kama mashine inaihimili 11 hamia.

Ikiwa jina la faili si la hao wote, mara nyingi ni la programu yenyewe. Lina jina linalofanana nalo, au liko kwenye folda lake ndani ya Program Files. Hapo hakuna hekima nyengine, ondosha programu, restati, daunlodi upya kwa aliyeitengeneza, instoli. Mambo yako uliyoyahifadhi mengi yanabaki, lakini programu za mahesabu ya duka kopi faili la data pembeni kwanza, usije ukaniambia fundi kasema.

Sasa lile kosa langu la 0xc000007b. Maana yake kwa lugha ya kwetu mara nyingi ni kwamba programu ya biti 32 imepewa DLL ya 64 au kinyume chake. Na Windows wamelifanya jambo hili liwe gumu kwa majina, kwenye Windows ya biti 64 folda la System32 ndo lenye mafaili ya 64, na folda la SysWOW64 ndo lenye ya 32. Umesoma sawasawa, yamepinduka. Wamebaki na jina la zamani ili programu za zamani zisipotee njia. Ndo nami nlipolibandika la 32 kwenye System32 nkijiona najua kusoma. Ukiwa ulishabandika kwa mkono lifute lile ulilolitia, kisha instoli seti za x86 na x64 upya.

Ikiwa makosa yanakuja programu nyingi tofauti, Windows yenyewe ikaguliwe, na kifaa kimo ndani hakihitaji kununuliwa. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kwenye Command Prompt bonyeza kulia uchague "Run as administrator", litakuja dirisha jeusi. Dirisha jeusi linatisha watu, lakini haliumi. Andika hivi na uangalie nafasi kabla ya kila mkwaju, yaani hii /:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Hii inatengeneza ghala ambalo Windows inachukulia mafaili mazima. Inahitaji intaneti maana kilichoharibika inakileta kutoka Microsoft, kwa hivo uwe na bando la kutosha. Inaweza kusimama kwenye asilimia moja muda mrefu ukadhani imelala, usifunge, nenda kanunue urojo urudi. Ikimaliza ndo uandike:

sfc /scannow

Hii ndo inayopita faili moja moja la mfumo, likiwa bovu inalibadilisha kwa zima kutoka ghalani. Wengi wanaianza sfc mwanzo, si haramu, lakini ghala likiwa limeoza nayo inachukua kilichooza, ndo maana DISM itangulie. Majibu ni ya aina tatu ya kukumbuka. "Did not find any integrity violations" ni kwamba Windows nzima, tatizo liko kwengine, usiendelee kuiskani mara kumi. "Successfully repaired" imetengeneza, restati ujaribu. "Unable to fix some of them" imeshindwa baadhi, hapo rudia DISM, restati, sfc tena, na mie huirudia hata mara tatu kabla sijakata tamaa.

Lakini ikiwa leo imetengeneza na wiki ijayo yameharibika tena basi usiilaumu Windows, tizama diski na umeme. Wa umri wangu hapa Unguja wanakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima giza, watu wanawasha kompyuta kwa vijenereta vya mkono ambavyo umeme wake unapanda na kushuka kama mashua ya Nungwi. Diski zilizokufa msimu ule sijui niseme ngapi. Umeme ukikatika wakati kompyuta inaandika, hasa ikiwa inaapdeti, faili linabaki nusu, na DLL nusu ni "Bad Image" ya kesho. Desktopu ndo muhanga mkubwa kwa kuwa haina betri. Ukikosa UPS, ile betri ya akiba ya desktopu, basi angalau usiache apdeti ikienda usiku ule unaojua umeme unachezacheza.

Kuikagua diski ni kwenye dirisha jeusi lile lile, andika chkdsk C: /f, itasema C inatumika, inauliza ifanye ukiwasha tena, jibu Y, restati. Ikiwa ni hard disk ya zamani na unasikia tk tk tk ndani yake, wacha kila kitu, kopi picha na waraka zako kwanza, kisha fikiria SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Na RAM, kile kibao cha kumbukumbu ndani ya kompyuta, nayo inafanya vituko, makosa yanayokuja leo kwa jina hili kesho kwa jina jengine, mara kioo cha buluu, hapo andika mdsched kwenye sehemu ya kutafuta, ni kipimo cha kumbukumbu cha Windows wenyewe. Kwetu hewa ya bahari inakula vile vidole vya dhahabu vya RAM, nyumba za Shangani na Malindi ndo mbaya zaidi. Zima, chomoa waya wa umeme, laptopu toa betri kama inatoka, toa RAM, isugue taratibu kwa kifutio cha penseli cha skuli, pangusa, irejeshe mpaka ilie tk. Usicheke, nshafufua mashine nyingi kwa kifutio.

Stori ya kiboksi cha kila asubuhi ilinikuta kwa ami yangu Wete. Akanipigia, "mwanangu, kila nikiwasha inaniambia kuna kitu hakikuonekana, nikibonyeza OK inaendelea kama kawaida, imenichosha". Nkamwambia nitumie picha. Kichwa cha kiboksi kimeandikwa RunDLL, "There was a problem starting", kisha njia ndefu ndani ya AppData, jina la faili ni herufi zisizosomeka, "The specified module could not be found". Huyo ni vairasi aliyekwishauawa. Antivairasi imefuta faili lake lakini ile amri ya kuliita kila ukiwasha imebaki, Windows inagonga mlango wa nyumba iliyobomolewa. Hakuna cha kudaunlodi, ukilipata hilo faili ndo umelirejesha jambazi.

Dawa ni kuifuta ile amri. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, nenda Startup, ukiona kitu chenye jina hilo au hakina jina kizime. Kwa ami hakikuwemo, ikabidi tuingie Task Scheduler, ratiba ya kazi za Windows, tukaikuta, kazi imepangwa kila akiingia, ndani yake imeandikwa rundll32 na ile njia ndefu. Tukaifuta. Kama nako humo hakimo iko programu ya Microsoft inaitwa Autoruns, kutoka Sysinternals, inakuonyesha kila kinachoanza na kompyuta, na vile ambavyo faili lake halipo inavipaka rangi ya njano. Tahadhari moja tu, rundll32.exe yenyewe ni ya Windows halali, kazi yake kuziita DLL, usiifute kwa kuiona imetajwa. Kisha nkamwambia ami aiskani na ile flashi ya jirani, maana ndo ilipoingilia, folda zote zimegeuka shortcut na hakuuliza kwa nini.

Utasoma pahala pengi uandike regsvr32 na jina la DLL. Inafaa kwa baadhi tu, zile zinazohitaji kusajiliwa, zilizobaki itakujibu "DllRegisterServer was not found" na jibu hilo si ugonjwa, ni kwamba hiyo haisajiliwi. Na programu za kusafisha rejista (registry, daftari la mipangilio ya Windows) zinazokwambia una makosa 1,400 na ulipe dola kadhaa, ziache.

Ukishindwa na yote haya zimebaki njia mbili kabla ya kupiga Windows upya. Andika rstrui kwenye sehemu ya kutafuta, ni System Restore, inaurudisha mfumo kwenye siku kabla ya balaa bila ya kugusa picha zako, lakini iwe ilikuwa imewashwa, na kwenye kompyuta nyingi ninazokutana nazo imezimwa, kwa hivo ikitengemaa leo iwashe. Ya pili ndo niipendayo, kuipiga Windows juu ya Windows. Unatengeneza flashi ya GB 8 kwa chombo cha Microsoft, Media Creation Tool, lugha na toleo vilingane na ulivonavyo, kisha huwashi kompyuta kwa flashi, unaifungua flashi ukiwa ndani ya Windows hiyo hiyo na kuanzisha setup. Itakuuliza ubakishe nini, chagua mafaili na programu vyote vibaki, "Keep personal files and apps". Ukiona sehemu hiyo imefifia haichaguliki simama hapo hapo, toleo halilingani, ukiendelea utapoteza programu. Inachukua saa moja au mbili, waya wa umeme uwe umechomekwa, na mambo ya muhimu yawe yameshakopiwa kwenye diski ya nje. Mafaili ya mfumo yote yanaingia mapya, na kile kiboksi kama kilikuwa cha Windows hakirudi.

Flashi ile ukishamaliza usiifute wala usimpe mtoto atie nyimbo. Iandike kwa kalamu, itie kwenye kabati la vyombo pamoja na ile karatasi ya namba za miaka, maana jirani atabisha hodi.